Bunduki Ndogo ya Mbilitosha

Karakana ya Fundi Bunduki ilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja, na kufuli la polisi juu ya kufuli la mwenyewe. Inspekta, mwanamke aliyepewa kesi hiyo, aliyafungua yote mawili, akaingia, kisha akageuka kumtazama mtu aliyebaki nje kama aliyeambiwa ndani kuna mbwa.

"Ingia, kaka. Hakuna wa kukuuma humu."

"Nasikia harufu yake, afande," alisema yule mtu, msoma nyayo ambaye kila mmoja alimwita Pua. "Mafuta ya bunduki na tumbaku. Alikuwa anakaa pale, juu ya ile ndoo."

Hakusema ni nani, na Inspekta hakuuliza. Mbilitosha, mwindaji wa idara ya wanyamapori, alikuwa amezikwa jana alasiri na watu waliofurika hadi barabarani. Jina hilo alilipata ujanani, kwa sababu hakuwahi kuhitaji risasi ya tatu. Safari hii alipiga nne, na nyati ambaye idara ilimtuma amuue ndiye aliyemuua yeye.

Kesi yenyewe, ukiisikiliza sokoni, ilikuwa imeshakwisha. Kwa miaka ishirini na miwili marehemu alimwendea nyati na bunduki moja tu, ile kubwa. Mwanzoni mwa wiki aliileta hapa kwa mdogo wake, Fundi, eti isafishwe. Alhamisi asubuhi akatoka hapa na nyingine, ndogo, ya kuwindia swala. Mjane alikwenda kituoni na nguo zake za msiba akasema shemeji yake amemuua mume wake kwa kumbadilishia bunduki. Na Fundi, alipokamatwa, alitoa maneno matano tu: "Nilimpa mimi. Andikeni hivyo hivyo." Kesho saa sita mchana Inspekta alitakiwa ama amfikishe mahakamani kwa kosa la kuua, ama amfungulie mlango.

Alitandika gazeti juu ya meza ya kazi, akapanga vielelezo: bunduki ndogo, maganda manne matupu, mkanda wa ngozi wa kubebea risasi, na bahasha moja.

"Nieleze tena. Polepole."

Pua alivua kofia. "Tulimkuta kwenye majani marefu, kama hatua arobaini hivi. Ya kwanza ilimpata vizuri, niliona vumbi likiruka kwenye bega la mnyama. Ya pili vilevile. Akaja. Ya tatu, ya nne, zikaisha zilizokuwa ndani ya bunduki. Sasa anakuja lakini anayumba, afande, miguu ya mbele imeshamlegea. Ilihitajika moja zaidi. Moja tu ingemlaza."

"Halafu?"

"Halafu akafungua mkanda, mikono yenyewe tu, kwa mazoea, akachomoa risasi, akaisukuma. Haiingii. Akaitoa, akaitazama. Nakwambia aliitazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akaniambia, 'Panda mti.' Hata sauti hakupaza. Nikapanda." Alikunja kofia mara mbili, akaikunjua. "Mimi nina watoto watano. Nikapanda."

Inspekta akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na risasi moja nene kama kidole gumba, iliyookotwa majanini, imechubuka pale ganda lake linapoanza kuwa jembamba. Akaishika bunduki ndogo, akavuta komeo nyuma, akaiweka ile risasi mdomoni mwa chemba, pale risasi inapokaa. Ilikwama palepale ilipokwama Alhamisi. Mikwaruzo ya shaba ilikaa juu ya mikwaruzo ya zamani.

Akahesabu vifuko vya mkanda: kumi. Vifuko tisa vilikuwa na risasi, zote nene, zote zimesuguliwa hadi zinang'aa. Cha kumi kilikuwa kitupu. Juu ya mkanda wote kulikuwa na kifuniko cha ngozi chenye vifungo, kuzuia vumbi. Mtu aliyeuvaa asingeona kilichomo mpaka aufungue.

"Mtaani wanasema hivi," alisema Inspekta. "Aliyebeba risasi za bunduki kubwa alitegemea kupewa bunduki kubwa. Kwa hiyo alidanganywa. Wewe unasemaje?"

"Mtaani hawakutembea naye. Saa tatu nzima alikuwa nayo begani, bega la kushoto, hiyo ndogo. Mbilitosha angeijua bunduki yake hata umfunge kitambaa usoni. Hakuuliza kitu. Hakulalamika."

"Bega la kushoto?"

Pua alifikiri. "La kushoto. Na zamani alikuwa anabebea kulia."

Inspekta aliandika hilo, kisha akaishusha bunduki kubwa kutoka kwenye kishikizo chake ukutani. Ilimlemea mikono. Haikuwa na uchafu wowote wa kusafishwa. Ila kwenye kitako, mahali panapokaa begani, palikuwa na mpira wa tairi uliokatwa vizuri na kugongelewa misumari midogo. Juu ya mpira huo kulikuwa na mpira mwingine. Na juu yake wa tatu, laini zaidi, wa ndani ya gurudumu la baiskeli.

"Umewahi kuona hii?"

"Hapana. Yeye alikuwa akituchekesha, anasema bunduki isiyopiga teke ni ya kuulia panya."

Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari, na kwenye msumari rundo la karatasi za shabaha. Fundi alikuwa na mtindo wake, na wateja walimtania kwa ajili hiyo: bunduki haikabidhiwi mpaka mteja mwenyewe aende nayo kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, apige tatu kwa hatua mia moja, na karatasi irudi. Kwenye pembe Fundi aliandika tarehe, bunduki ipi na risasi gani.

Inspekta alizichambua, akatenga za Mbilitosha, akazilaza mezani kwa tarehe. Ya miaka mitatu nyuma: matundu matatu ambayo kizibo cha soda kingeyafunika yote. Ya mwaka juzi: vilevile. Ya mwaka jana: ungehitaji kiganja. Ya miezi minne iliyopita: tundu moja chini kushoto, jingine pembeni kabisa mwa karatasi. La tatu halikuwepo. Zote hizo zilikuwa za bunduki kubwa. Kisha ikaja karatasi ya mwisho, ya wiki mbili zilizopita, na pembeni imeandikwa: ndogo, kichwa kigumu. Matundu matatu. Kizibo cha soda.

"Hii ni nini?" Pua aliuliza, ingawa alikuwa anaona.

"Mtu anayeliogopa teke la bunduki hufumba macho na kuvuta mkono kabla haijalia. Anayetumia mkono wa kulia, risasi yake huenda chini kushoto." Alitoa simu, akampigia daktari aliyechunguza maiti. "Daktari, samahani, ni mimi tena. Bega la kulia la yule mwindaji. Achana na majeraha ya nyati, nauliza ya zamani."

Daktari alikwenda kuangalia faili. Sauti yake iliporudi, Inspekta aliandika huku akirudia neno kwa neno: "Mfupa umelika. Mwaka, zaidi ya mwaka. Maumivu makali. Asante."

Pua alikuwa ameshakaa juu ya ndoo ya marehemu bila kujijua. Alipojijua, akainuka.

*

Nyumba ya msiba bado ilikuwa imejaa. Viti vya kuazima vilienea uani hadi kwenye banda la kuku, na Inspekta alipofika alipewa kiti, maji na shangazi wa marehemu, vyote kwa pamoja.

"Kaa hapa karibu yangu, mwanangu, sikio langu la pili halifanyi kazi," alisema Shangazi, kisha akaendelea kusema yeye. "Nyinyi polisi mnachimba huko mnakochimba, lakini mimi nitakuonyesha penye kisima. Unajua ni nani aliyemwona huyu mwanamke kwanza? Fundi. Akamleta nyumbani, kaka mtu akamwoa. Mwanamume hasahau kitu kama hicho."

"Ni miaka mingapi sasa, shangazi?"

"Ishirini na sita."

"Amekuwa mvumilivu."

"Usinicheke. Nasema nilichokiona."

"Na mkanda wa risasi? Nao uliuona?"

Shangazi alijiweka sawa kitini; hapo alikuwa na uhakika. "Mkanda huo hauguswi na mtu ila mkewe. Hata mimi niliyemfuta kamasi yule marehemu sikuwahi kuugusa. Anazipanga usiku, moja moja, anazisugua na kitambaa. Asubuhi anamfunga kiunoni hapo mlangoni, yeye kainua mikono kama mtoto anayepimwa nguo. Tulikuwa tunawacheka. Miaka yote hiyo, hajawahi kuufungua mpaka afike porini. Alikuwa anasema, akiufungua kabla ni kama anamhesabia mkewe, kama hamwamini."

Inspekta alinywa maji yote, taratibu, akarudisha glasi.

Mjane alikuwa chumbani, juu ya mkeka, katikati ya wanawake sita. Walipoombwa, walitoka mmoja mmoja na kusimama nyuma ya mlango kwa pamoja.

"Umeshamfikisha mahakamani?" aliuliza.

"Bado, mama. Nina maswali machache. Wanasema Fundi ndiye aliyekuona kwanza."

Mjane karibu atabasamu. "Shangazi huyo. Aliniona kwanza kwa sababu ndiye aliyetumwa. Kaka yake alikuwa na aibu, hawezi kumsalimia msichana. Fundi alileta salamu mara tatu, mara ya nne nikamwambia mlete mwenye salamu."

"Mume wako aliwahi kulalamika juu ya bega?"

"Bega? Hapana." Alisawazisha ukingo wa mkeka. "Alikuwa amehama upande kitandani. Alisema dirishani kuna baridi."

"Kuhusu kazi yake mlikuwa mnazungumza nini?"

"Nilikuwa nikimwomba aache. Kila mwaka. Akaniahidi kitu kimoja, na ahadi zake nilikuwa nazijua. Aliniambia, siku nitakayoshindwa na ile bunduki kubwa, nitaiweka chini na sitaenda tena. Ndiyo maana najua alidanganywa, mama Inspekta. Angekuwa ameichukua ndogo kwa hiari yake, angekuwa ameniambia. Angekuwa hapa."

Inspekta alifunga daftari. "Alhamisi ulipanga risasi ngapi mkandani?"

"Kumi. Kama siku zote." Macho yake yalibaki usoni kwa Inspekta muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji. "Kwa nini?"

"Tunaandika kila kitu, mama."

*

Saa kumi alasiri Fundi alitolewa mahabusu na kuketishwa kwenye chumba cha mahojiano, bila mkanda wa suruali na bila kamba za viatu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye weusi wa mafuta kwenye kucha ambao hata siku tatu za kukaa bure hazikuutoa.

"Nilimpa mimi," alisema kabla hajaulizwa.

"Najua. Sasa niambie kwa nini. Wewe ni fundi. Mtu anaenda kwa nyati, unampa bunduki ya swala. Kwa nini?"

Inspekta aliweka mezani karatasi mbili za shabaha, ile ya miezi minne na ile ya wiki mbili. Fundi alizitazama, kisha akazigeuza kifudifudi, moja baada ya nyingine, kwa upole.

"Daktari ameliona bega," alisema Inspekta.

Fundi alishusha pumzi. "Watu wanafikiri bunduki kubwa inaua kwa sababu ni kubwa. Inaua kwa sababu inakusamehe ukikosea kidogo. Lakini haimsamehe anayekosa kabisa. Nilimwekea mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikilia, machozi yanamtoka, mtu mzima. Nikamwambia, kaka, acha. Akasema akiacha atamwambia nini mkewe, kwamba alikuwa anamdanganya mwaka mzima? Akasema nyati huyu tu, huyu aliyemjeruhi mkulima, kisha anaiweka chini."

"Ukamchagulia ndogo."

"Nilimchagulia ile anayoweza kuipiga macho yakiwa wazi. Na risasi nikachagua ya kichwa kigumu. Ile ya ncha laini ni ya swala; ukimpiga nayo nyati inafumukia kwenye nyama ya juu, haifiki kwenye moyo. Hii inapenya mfupa. Risasi nne za kichwa kigumu, mahali pake, zinatosha. Karibu zitoshe." Aliinua macho. "Zilimpata zote nne, si ndiyo?"

"Zote nne. Nyati alikutwa amekufa hatua mia mbili mbele."

Fundi aliinamisha kichwa, akakiacha huko.

"Mkanda," alisema Inspekta. "Ulijua una risasi za kubwa?"

"Sijui kitu kuhusu mkanda."

"Fundi."

"Niandike mimi. Andika nilizipanga mimi, nilikosea. Nitatia sahihi."

"Wewe hujawahi kuugusa ule mkanda. Nyumba nzima inajua nani anaupanga."

Alipoinua uso, ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa ileile ya fundi anayeeleza kifaa. "Mpango ulikuwa afike kwangu, aufungue, tuzitoe zile kubwa, tuweke kumi ndogo. Nilikuwa nimezipanga mezani juu ya kitambaa. Akafika, gari la idara linasubiri nje. Kabla hajafungua hata kifungo kimoja, shemeji akaingia. Alikuwa ameshuka mbio na chupa ya chai, kaka ameisahau. Akasimama pale mlangoni anahema, anacheka. Utafungua mkanda mbele yake? Nikazitupia kitambaa juu. Bunduki ilikuwa ndani ya mfuko wake, hakuiona. Gari linapiga honi. Nikamshika mkono kaka nikataka kumpa zile kumi mfukoni, hata kwa siri. Akaniambia sikioni, 'Nne ni mara mbili ya jina langu.' Akatoka." Alifuta pua kwa mkono. "Shemeji alimpungia mpaka gari likakata kona. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilikuwa na muda wa kuita."

"Na ukaamua kufungwa kwa ajili hiyo."

"Afande, mimi nina hatia yangu, nilinyamaza. Lakini yeye alikuja na chai. Alizisugua zile risasi kwa mkono wake. Ukimwambia, ataishi na nini? Aendelee kunichukia mimi. Chuki inabebeka."

Inspekta aliita askari, akamwambia asimrudishe ndani kwanza, amkalishe ukumbini. Kisha akachukua fomu ya maelezo na kukaa nayo, kalamu mkononi. Sheria ilitaka sababu ya kifo iandikwe kwa ukamilifu, na faili lingesomwa mbele ya ndugu. Aliandika juu ya bega. Aliandika juu ya bunduki. Alipofika kwenye mkanda, mlango uligongwa.

Mjane alikuwa peke yake. Wale wanawake sita walikuwa wamebaki getini. Alikaa bila kukaribishwa.

"Mama Inspekta, wewe hukuniuliza ni risasi gani nilipanga. Uliniuliza ngapi. Mtu huuliza ngapi kama tayari anajua ni gani." Alikunja mikono juu ya mapaja. "Mume wangu alikufa na risasi kiunoni. Nimekaa na hilo tangu ulipotoka. Alikuwa na kumi, na Pua anasema alipiga nne tu."

Inspekta alianza na bega, kwa sababu lilikuwa mwanzo. Alimweleza kuhusu mpira wa tairi na karatasi za shabaha. Mjane alisikiliza bila kutikisika mpaka walipofika kwenye chupa ya chai; hapo aliomba asubiri, akatazama ukuta, kisha akasema endelea. Hakukuwa na mengi ya kuendelea.

"Kwa hiyo aliitoa, akaiona ni nene," alisema mwishowe. "Alijua ni mimi."

"Pua anasema hakukasirika. Alimwambia apande mti."

"Alikuwa hajui kukasirika. Hilo ndilo tatizo lake." Akaielekeza fomu kwa kidevu. "Hapo ulipoachia pana nini?"

"Panahusu mkanda. Naweza kuandika kwamba risasi hazikulingana na bunduki. Inatosha kisheria. Si lazima kutaja mikono ya nani."

"Andika ni mimi."

"Mama, fikiri. Litasomwa mbele ya Shangazi, mbele ya watoto."

"Nimefichwa mwaka mzima kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuua. Sitaki tena kuhurumiwa hivyo. Andika: mkanda ulipangwa na mke wake, ambaye hakuambiwa. Yote mawili. Usiandike moja ukaacha jingine."

Inspekta aliandika yote mawili. Mjane alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, akatia sahihi kwa herufi kubwa zilizosimama. Kisha akauliza shemeji yake yuko wapi.

Alikuwa ukumbini, kwenye benchi refu la mbao, viatu vyake vimefunguka midomo. Alipomwona aliinuka, akataka kusema kitu, kisha akabaki amesimama na mikono yake myeusi ikiwa haijui pa kwenda. Askari wa zamu alijishughulisha na kitabu chake.

Mjane alikwenda kukaa kwenye benchi lile lile. Alikaa muda, mkono kwenye mdomo, akilia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, bila sauti. Fundi bado alikuwa amesimama mbele yake kama mtu anayengoja hukumu.

Mjane hakumtazama. Alisogea tu kidogo, akampisha nafasi ya kukaa.